Shubaka Ndani ya Nguzo

Nilichimba shubaka kwenye nguzo ya nyumba yangu. Nianze na hilo, maana hata nikilizungusha vipi litatoka. Si kwenye ukuta, la. Kwenye nguzo ya zege, ile ya kati, inayobeba chumba cha juu.

Nyumba ya marehemu baba ilikuwa ya mawe na chokaa, kuta nene, na kila ukuta una shubaka lake: la msahafu, la taa, la dawa ya kikohozi. Nami ni mtu wa kukaa ndani. Kwangu hata kwenda Utende, kijiji cha hapa hapa kisiwani, ni safari. Nikataka shubaka la redio na kikombe, mahali ninapofikia bila kunyanyuka. Nguzo ndiyo iliyokuwa jirani na kiti. Nikachukua tindo na nyundo. Ndani nikakuta nondo mbili zimenikalia njiani, pamoja na zile ringi zinazozifunga. Nikaazima msumeno wa chuma. Kidato cha nne nimemaliza, na fizikia nilisoma.

Miaka ikapita, chai ikanyweka. Mwaka huu, asubuhi moja, ardhi ikatikisika kidogo. Vyombo vikalia kabatini, basi. Wiki chache baadaye akaja mhandisi kutoka bara, binti wa makamo ya mwanangu, kukagua shule na zahanati. Akaambiwa azipitie na ghorofa za watu. Yangu ina chumba kimoja tu juu, lakini mtaani naitwa mwenye ghorofa na sijawahi kukanusha.

Nilimngoja kwa hamu. Binti yangu wa kwanza alikuwa anakuja Alhamisi kutoka Dar es Salaam, mimba ya miezi minane, ajifungulie kwetu na amalize arobaini kwa mama yake. Chumba cha juu kilikuwa chake. Wakwe zake nilishawasifia upepo wa huko. Nikataka mtaalamu aseme kwa kinywa chake kwamba nyumba ni imara.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ghorofani."

Akatoa kinyundo na futi. "Ramani ya nyumba unayo?"

"Ilikuwa kichwani mwa fundi."

"Na fundi yuko wapi?"

"Alihamia Kilwa, akaondoka na kichwa chake."

Hakucheka. Aliandika. "Mchanga wa zege mliutoa wapi?"

"Mwanangu, Mungu katuzungushia mchanga pande zote, tukautafute wapi tena?"

Akaandika, safari hii kwa muda mrefu. Chumvi ya mchanga wa pwani hula nondo, alisema. Akatazama mbele ya nyumba, nilikoacha uwazi mpana wa duka ambalo sijalifungua mpaka leo. Hapo, akasema, hakuna ukuta wa kuzisaidia nguzo nyumba ikiyumba upande, kwa hiyo kazi yote ni ya nguzo. Nikaona hapo ndipo pa kumwonyesha ufundi wangu. Nikaondoa redio.

Alichungulia ndani ya shubaka. "Baba, hizi nondo ulizikata mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu huu."

Akauchukua ufagio wa chelewa nyuma ya mlango, akausimamisha sakafuni, akaukandamiza kwa juu. Ukasimama. Akaulegeza kamba, akaukandamiza tena. Chelewa zikatawanyika kila upande. Kamba ndiyo ringi, akasema. Uzito wa kawaida nguzo inaweza kuubeba hata hivyo; ardhi ikiitikisa, hakuna kinachoishika.

"Kwa hiyo asilale mtu juu," akasema. "Wala hapa chini yake. Wekeni miti ya kuegemeza leo, kisha nguzo ivalishwe zege jipya na nondo mpya. Zege nalo linataka karibu mwezi kukomaa."

"Anakuja mwanangu Alhamisi. Si mzito."

"Baba."

Akachora alama ya chaki kwenye nguzo, akaaga.

Mke wangu alikuwa mlangoni, kasikia yote. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba ng'ambo ya njia kuna chumba kitupu, na kwamba kwenda kuomba ni zamu yangu.

Ng'ambo ya njia anakaa jirani yetu, mama mmoja msuka mikeka, kwenye nyumba ya miti na udongo, fupi, makuti juu. Mhandisi aliipita akasema paa lake jepesi, na hilo ni jambo jema. Nyumba hiyo mimi nimeitania miaka yote. Nimewahi kumuuliza kama huwa anaifunga kwa mlango au kwa kifungo cha shati.

Nikavuka. Nikamkuta kibarazani na ukili wake. Nikaanza mbali: habari za ardhi, habari za zege, namna chumvi inavyokula chuma, jinsi wataalamu wa siku hizi walivyo waangalifu kupita kiasi. Alisuka mpaka mwisho wa mstari. Kisha akaniambia:

"Maneno yote hayo ya nini? Sema nyumba umeiharibu, umlete mtoto."