Noeli ya Abigaïl na mbwa wa patron

Mtaa wote wa Kasenga ulijua kwamba Abigaïl ni mgumu. Ukimwambia jambo fulani haliwezekani, ndipo anapokaza kitenge kiunoni na kulianza. Miaka mingi alimfulia nguo Mbelgiji mmoja pale Uvira, mtu wa kufoka tangu asubuhi mpaka jioni. Uhuru ulipokuja, yule patron, bosi wake, alipakia masanduku garini, akakimbilia Usumbura ng'ambo ya mpaka, na mbwa wake akamwacha amefungwa kwenye nguzo ya baraza bila hata maji. Abigaïl akamfungua, akaenda naye nyumbani. Akampa jina Raia.

Jina hilo lilimkera Sévère kuliko mbwa mwenyewe. Sévère alikuwa kaka mkubwa wa Mathieu, mume wa Abigaïl, na tangu baba yao afariki yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika ukoo.

"Unaita mbwa raia? Mbwa ya bazungu!"

"Naye alifunguliwa kamba huu mwaka, Shemegi," Abigaïl akamjibu. "Sawa sisi."

Noeli ikakaribia, ya kwanza tangu uhuru, na safari hii ukoo ungekusanyika kwa Mathieu. Wangekuja jamaa wa Lubarika, wangekuja waimbaji wa kanisa na ngoma zao, na siku hizo askari walikuwa wakifyatua risasi hewani hovyo, naye Raia aliogopa kila kishindo. Sévère akatuma neno: mbwa asiwepo siku hiyo. Auzwe, auawe, atupwe ziwani, shauri yao.

Abigaïl alikasirika mpaka chakula kikamshinda. Alikulia Mulenge, katikati ya ng'ombe, na baba yake alimfundisha kwamba ndama mwoga hapigwi: anatengewa mahali penye giza, anawekewa kitu chenye harufu ya mtu anayemjua, anaachwa atulie. Basi siku yenyewe, kabla wageni hawajafika, alimtembeza Raia kando ya ziwa mpaka akachoka, akamlisha, akamwingiza chumba cha ndani na kufunga dirisha. Chini akamtandikia kitenge chake kikuukuu, ambacho hakukifua makusudi. Wageni walipoingia, aliwapokea kwa masharti.

"Karibuni sana. Nyama iko, bugali iko, chai iko. Lakini kile chumba, mutu asikifungue. Mifupa ya mbuzi musimutupie mbwa. Na mutu asimusemeshe Kifaransa."

Wakacheka. Kifaransa? Ndiyo, Kifaransa. Patron alikuwa akimfokea kwa lugha hiyo kabla ya kumpiga teke, na mbwa akiisikia tu, anajikojolea. Abigaïl hakucheka.

Mambo yakaenda vizuri. Ngoma zililia, waimbaji waliimba, risasi zilisikika upande wa bandari, na mle chumbani kimya. Kila wimbo ukiisha Abigaïl alichungulia, akamsemesha Raia kwa sauti ya chini, kisha akarudi kupakua. Akaanza hata kujiona mshindi.

Ndipo Sévère, aliyekuwa amevaa tai na kushiba nyama, akataka kuwafurahisha wageni. Abigaïl akiwa uani kwenye moto, yeye akafungua mlango wa chumba, akashika kiuno, akakaza sauti kama patron: "Couché! Lala chini!" Wageni wakaangua kicheko. Raia alirudi nyuma mpaka ukutani, anatetemeka mwili mzima. Sévère akamfuata, akanyoosha mkono amkamate shingo. Akaumwa.

Ukelele uliopigwa hapo ulizima ngoma. Abigaïl alipofika alimkuta shemeji yake ameshika panga lililokatia mbuzi kwa mkono mzima, na ule mwingine unachuruzika damu. Akapenya ubavuni mwake, akasimama mlangoni.

"Toka hapo," Sévère akasema.

"Sitoki. Leta mukono, Shemegi, nikuoshe na sabuni. Panga weka chini."

"Minye njo mukubwa wa huu ukoo! Mbwa iniume mbele ya batu, ibakie nzima?"

"Nilisema mutu asifungue."

Hasira zikampanda Sévère. Akanyoosha shingo, akaelekeza kidole nje, akafoka: "Dehors!"

Karibu kila mtu mzima mle ndani aliwahi kufukuzwa mahali kwa neno lile. Abigaïl alijikuta ameshainua mguu kutii, na hilo lilimuuma kuliko panga lingeweza. Akashika miimo ya mlango kwa mikono miwili.

"Ile sauti tunaijua, minye na huyu mbwa," akasema. "Tulifukuza muzungu ili weye uvae sauti yake? Mbwa iko na woga. Minye siko nao tena. Kata!"

Sévère akatazama huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono. Mathieu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupinga neno la kaka yake, akainuka, akaenda kuketi kizingitini, miguuni pa mkewe.

Mwishowe Sévère akaweka panga mezani. Akaondoka bila kukubali kuoshwa kidonda, na njiani alisikika akiapa kwamba hatakanyaga tena nyumba ile.

"Aende muzuri," Abigaïl akasema.

Wageni walibaki na sahani mikononi, wakimngoja Abigaïl awapakulie. Yeye akaingia chumbani, akafunga mlango kwa ndani, akaketi chini kando ya Raia, akamvutia kitenge mgongoni. Noeli ile wageni walijipakulia wenyewe.