Matobolwa ya Mwaka Mzima

Mwalimu Rhoda, ambaye chuoni tunamwita Mama Violeth, amefundisha usindikaji wa vyakula kwa miaka ishirini na minane, na sijapata kumsikia akisema amechoka. Anayechoka kwa niaba yake ni mimi. Mimi ni katibu muhtasi wa chuo chetu cha maendeleo ya wananchi, huku upande wa Didia. Barua zake za kuomba nimezichapa mimi, na majibu ya kumkatalia nimeyachapa mimi, kwenye kompyuta ileile.

Chuo kina mfuko mdogo wa ubunifu kwa ajili ya walimu wake. Kila mwaka mwenye wazo anajaza fomu, anakuja mbele ya kamati, anajieleza. Mama Violeth alizaliwa Ushirombo, akaolewa huku. Mumewe alikwenda kuchimba dhahabu Geita, akarudi na kifua kibovu, na haukupita muda mkewe akamzika. Watoto wanne amewalea kwa mshahara wa ualimu na shamba la viazi vitamu, kwa hiyo wazo lake lilikuwa la viazi vitamu. Akina mama wa vijiji vyetu huvichemsha, wakavikata vipande, wakavianika juu ya mawe. Vikikauka ndiyo matobolwa, kitu cha kutafuna na chai, na wachimbaji kule Runzewe huyanunua kwa magunia. Tatizo ni wadudu. Ikifika Desemba gunia zima limebunguliwa, ukilikung'uta unatoka unga mtupu. Yeye alitengeneza kaushio la mbao na nailoni, vipande vikaukie ndani, mbali na nzi na vumbi, kisha vifungwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Aliomba kaushio kubwa, la kutosha vijiji vitatu, lijengwe kabla hajastaafu. Anastaafu Desemba hii.

Mara ya kwanza fomu yake ilirudishwa kwa kukosa muhuri. Muhuri ulikuwa umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo alikuwa semina Dodoma. Mara ya pili kamati ikauliza, ushahidi uko wapi kwamba wadudu hawaingii? Lete ushahidi wa miezi kumi na miwili. Mtu mwingine angetutukana. Mama Violeth alisema, "Wabeja," yaani asante, akaenda kuhesabu vipande.

Arobaini vya kwenye kaushio akavifungia ndani ya ndoo. Arobaini vya kuanikwa kwenye mawe akavitia kwenye mfuko, kama wafanyavyo wengine. Fomu ilimtaka aviite Sampuli A na Sampuli B, naye akaviita hivyo. Kila tarehe mosi alivipima kwenye mizani ya jikoni, akavihesabu, akaandika kwenye daftari, akavirudisha. Mwaka mzima. Mimi kuandika tu tarehe za likizo yangu hunishinda.

Kikao kilikuwa Alhamisi moja ya Julai, saa tatu asubuhi. Tulikuwa watano upande wa kamati, ukinihesabu na mimi mwandishi wa muhtasari. Mtathmini, Bwana Akida, mtaalamu wa hifadhi ya vyakula aliyealikwa kutoka mjini, alipiga simu saa tatu kusema ameshafika Tinde. Saa tano akapiga tena. Bado alikuwa Tinde.

Chai ikaletwa, chai ya rangi peke yake, maana vitafunwa vilishafutwa kwenye bajeti. Mezani kulikuwa na sahani mbili za Mama Violeth. Ile ya B hakuna aliyeitazama mara mbili, vipande vimejaa matundu na unga umemwagika pembeni. Ya A ilikuwa na matobolwa yote arobaini, ya rangi ya asali, makavu, safi, kama yaliyotoka kukaushwa jana.

"Mama Violeth," alisema Mwalimu Donatus, fundi magari na mwenyekiti wetu, "hivi haya tutayaangalia kwa macho tu?"

Ulikuwa utani, lakini wa mtu mwenye njaa. Na huku kwetu mtu mzima akikaa mbele ya chakula chako akauliza hivyo, jibu ni moja, na Mama Violeth alifundishwa jibu hilo kabla hajajua kusoma. Nilimwona akilitazama daftari lake. Kisha akasema, "Karibuni."

Tulikubaliana kimoja kimoja, vingine vibaki vya mtathmini. Aliyechukua cha pili ni Boaz wa useremala. Ninadanganya, ni mimi. Baada ya hapo hatukuhesabu tena. Tulizungumza habari za mvua na bei ya mpunga, na mikono yetu ikawa inakwenda na kurudi. Yeye alikaa akitutazama. Hakuifunika sahani, kwa sababu mtu aliyelelewa hawafunikii wageni chakula. Nilipokumbuka kuangalia, sahani ilikuwa nyeupe.

Hapo ndipo gari la Bwana Akida likaingia getini. Boaz akaichukua sahani tupu, akaisukumia chini ya kiti chake.

Bwana Akida ni kijana mstaarabu. Aliomba radhi, akatoa kioo cha kukuzia, akaichunguza B. "Hii imekwisha kabisa," alisema. "A iko wapi?"

Nikakumbuka kifungu cha saba cha mwongozo wa mfuko, maana nilikichapa mwenyewe. Mjumbe akipokea chochote kwa mwombaji, hata soda, mjumbe anaondolewa na ombi linafutwa. Sote watano tungeweza kuapa kwamba matobolwa yale hayakuwa na tundu hata moja, na hakuna aliyeweza kusema ameyajuaje. Donatus akapekua karatasi zisizo na maandishi. Mkataba wangu unaisha mwezi wa tisa. Niliona aibu, nikainamia muhtasari wangu.

"Nimeisahau nyumbani," alisema Mama Violeth.

"Mwalimu! Mwaka mzima, halafu unasahau siku ya leo?"

"Uzee, mwanangu."

"Naweza kusubiri ukaifuate."

"Usisubiri. Ni mbali."

Anaishi nyumba za walimu, nyuma ya bwalo. Bwana Akida akalifungua daftari lake la vipimo, akalisoma kwa heshima, akamrudishia. "Namba hizi umeandika mwenyewe," alisema. "Mimi nahitaji kitu cha kushika." Nami nikaandika kwenye muhtasari kwamba Sampuli A haikuwasilishwa.

Jumatatu nilimpelekea barua. Nilimkuta jikoni kwa wanafunzi akiosha ndoo, peke yake.

"Shikamoo Mama Violeth."

"Marahaba, Swaumu. Imekuja?"

Nikampa. Hakuifungua, aliiweka dirishani mahali pasipo na maji. Nikaanza kuomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha na maneno yote yakanikimbia, nikabaki nasema nisamehe, nisamehe, kama kasuku.

"Ningesema kweli wangekufukuza," alinikatiza. "Na ombi lingefutwa vilevile. Kwa hiyo acha."

Aliendelea kusugua. Kisha akasimama, mikono ikidondosha maji.

"Yalikuwaje?"

"Nini, mama?"

"Matobolwa. Mimi sikuonja. Ningekula hata kimoja, uzito usingelingana."

Nikamwambia yalikuwa makavu vizuri, na utamu wake ulikuwa wote, haukupungua. Akaniuliza kama kuna yeyote kati yetu aliyekuta mdudu, au tundu, au hata harufu. Nikamwambia hakuna.

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna, mama."

Akakaa juu ya ndoo aliyoigeuza, akalia.