Betri za Redio, Asali ya Baba

Betri kuukuu ikianikwa juani juu ya bati hutoa harufu ya kutu na uchachu, na harufu hiyo niliijua kabla sijajua kusoma. Kusoma kwenyewe niliishia darasa la nne, lakini leo shuka Ng'ambo, hapa Tabora, uulizie betri za sola. Hata muuza karanga atakuleta dukani kwangu. Pampu za visima, taa za zahanati, mashine, vyote vinakula betri zangu. Nyumbani kwetu, kijijini upande wa Ulyankulu, betri zilikuwa mbili tu, zile nene, na zilitumika kwa zamu: redio ya mama, tochi ya baba. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka.

Masika fulani, nikiwa bado mdogo, mvua ilituharibia tumbaku, na mimi nililia njaa mchana kutwa. Bibi, mzaa mama, alikuwa mgonjwa hoi Nzega. Habari za misiba zilikuja redioni, kwa hiyo kila jioni mama alikaa kimya kusikiliza matangazo ya vifo. Baba alipotaka kwenda porini kurina asali, akazichomoa betri.

"Baba Maganga, na wakitangaza jambo?"

"Redio haina njaa, mama Maganga. Huyu mwanao ndiye anayo. Umsikie, kama fisi!"

Nikacheka. Nilijua asali inakuja.

Baba alirudi siku ya tatu na debe limejaa, nami nikala masega mpaka asali ikanichuruzika viwikoni. Ndivyo alivyonikuta jirani yetu aliyetoka mjini kwa baiskeli.

"Mama Maganga, mbona bado mko hapa? Mmetangazwa jana na juzi. Bibi amekwishazikwa."

Mama hakupiga yowe. Alinifuta mikono kwa kanga yake, kidole kimoja kimoja, akajifunga kanga hiyohiyo kiunoni, akashika njia. Baba alimfuata nyuma akiita, "Mama Maganga, ngoja basi," lakini hakungojwa. Tangu siku hiyo hata chumvi ikikosekana, betri mpya za redio zilikuwapo. Mama hakuzigusa.

Siku hizi msiba unafika kwenye simu kabla maji ya kumwoshea marehemu hayajapata moto. Mjomba alipofariki hivi karibuni, nilimtia mama kwenye gari langu mwenyewe, na Nzega tukafika jeneza likiwa bado ndani. Nilijiona mwanamume. Makaburini, zamu yake ya kutupia udongo ilipofika, mama alitupa kidogo kwa kaka yake, uliobaki akaufumbata. Akatembea hadi kwenye kituta cha kaburi kilichomezwa na majani, akaufungua mkono.

"Mama, nimechelewa," akasema.

Nilikuwa nyuma yake, nikaanza kuyang'oa majani.