Mwambie Atembee

Dokta wa Mbuzi amefariki. Jirani yake alinipigia simu asubuhi nikiwa Kawale, mtaa wa Lilongwe ninakoishi, akasema, "Mzee njo ametuacha," kisha akasubiri nilie. Sikulia. Nilianza kuhesabu Jumapili. Nilikuwa nikimpigia kila Jumapili baada ya ibada, na kila mara nilimuuliza, "Dokta, uko muzima?" naye akajibu, "Niko muzima, na we?" Tangu siku hiyo nimeyapitia mazungumzo hayo moja moja, nikitafuta ni Jumapili ipi ningepaswa kujua kwamba anaumwa. Wasomaji wa safu hii mnaijua tabia yangu ya kuwaza jambo mpaka linachakaa. Lakini mtu huyu alinifundisha namna ya kujua kama kiumbe kinaumwa, nami somo lile nililitumia kwa farasi tu.

Watu wengi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka walimjua kwa jina hilo la utani, na yeye alilipokea kwa hasira ya kuigiza. Alisomea udaktari wa wanyama, na kabla ya kukimbia kutoka Bukavu, Kongo, alihudumia farasi wa shamba moja la chai. Huku Malawi cheti chake hakikutambuliwa, basi akawa anatibu mbuzi na kuku wa majirani, akiwa amevaa koti jeupe lililopigwa pasi hata kama mgonjwa ni jogoo. Nilikulia mlango wa tatu kutoka kwake. Nilipohitimu chuo na kurudi kukaa bila kazi, alinikuta nimeshika kamba ya mbuzi wa mama yangu akisubiri sindano, akacheka mpaka akakohoa. "Angalia! Badiplome babili kwa mbuzi moja!" Alimaanisha yeye na mimi, wasomi wawili.

Habari ya farasi ililetwa na mama mshonaji, Mbukavu mwenzetu, ambaye mashine yake iko Kawale. Mteja wake mmoja, mama wa Kimalawi anayeishi Area 47, mtaa wa wenye uwezo mjini, alitaka kununua farasi mpole kutoka Zambia kwa ajili ya binti yake anayejifunza kupanda. Hakuweza kusafiri kwenda kumwona, na aliogopa kuletewa mnyama atakayejikwaa na kumwangusha mtoto. Mshonaji akamwambia kambini kuna mtu anayejua farasi. Dokta naye, kwa karatasi zake za ukimbizi, hakuweza kuvuka mpaka, kwa hiyo kila kitu kikapita kwenye simu yangu: yule mama aliandika Kiingereza, mimi nikageuza Kiswahili, Dokta akajibu kwa Kifaransa na Kiswahili vikiwa vimechanganyika. Muuzaji aliandika kwamba farasi hana kasoro na daktari wake yuko tayari kumpima. Nikamtafsiria Dokta kwa ufupi: farasi ni mzima, na daktari wao atathibitisha.

Alipiga mkono wa kiti. "Muzima ni salamu! Hata mwenye kufa anaitikaka muzima. Na ule dokta, anakulaka kwa nani?"

"Kwa muuzaji, nadhani."

"Basi ataangalia na macho ya muuzaji. Tafuta mwingine, wa mji ingine, hajawahi kumutibu ile farasi. Mama wa Area 47 amuite ye mwenyewe, na majibu irudi kwa mama. Si kwa muuzaji, si kwako."

Kumpata nilimpata, daktari mwanamke wa mji wa mbali kidogo, lakini ujumbe wa kwanza niliuandika na kuufuta mpaka Dokta akachoka. "We mtoto unafikiriaka sana. Tuma!" Kisha akanipa maagizo. Farasi akutwe zizini akiwa bado hajapandwa, kwa sababu mguu uliopashwa moto kwa mazoezi huficha maumivu. Damu ichukuliwe, maana dawa huficha yaliyobaki. Meno yalinganishwe na umri ulioandikwa kwenye karatasi zake. "Halafu usimuulize mutu kitu. Mwambie atembee. Kwa udongo ngumu, kamba ilegee. Muuzaji mubaya anapenda farasi isimame tu, isimame mbele yako inang'aa."

Siku ya kupima tulitazama kwa video kwenye simu yangu, uani kwake. Alivaa koti jeupe ingawa kule Zambia hakuna aliyekuwa akimwona. Farasi alipoanza kukimbia taratibu, mimi niliona mnyama mzuri wa rangi ya kahawia. Dokta alifumba macho. "Sikia kwato. Moja inachelewa. Ya mbele, kushoto." Dakika chache baadaye yule daktari akasema hivyo hivyo, na majibu ya damu yalipokuja yakaonyesha dawa ya kutuliza maumivu. Farasi hakununuliwa. Mama wa Area 47 alishukuru sana, zikomo baada ya zikomo, kisha akaomba ripoti kamili yenye namba ya usajili ya kila daktari aliyehusika. Nilimsomea Dokta maneno hayo nikiwa natazama chini. Alivua koti, akalikunja kwenye mikunjo yake. "Andika jina ya mwenzangu peke yake. Ye iko na muhuri." Hakuongea tena habari za farasi.

Kazi yake ya mwisho ya kweli, basi, haina jina lake popote isipokuwa hapa, na hata hapa sijalitaja. Mimi nilipata kibarua cha muda mjini, nikahamia Kawale, na ziara zangu zikageuka simu. Wiki chache kabla hajafa nilimpigia ya video. Alikuwa amenyoa ndevu, amekaa kwenye kiti, amevaa lile koti. Nikasikia pumzi yake ni fupi. Niliwaza nimuulize, nikawaza labda ataona namdharau, nikawaza labda ni simu tu, na nilipomaliza kuwaza alikuwa ameshaniaga. Matangani jirani aliniambia kwamba kwa miezi mzee alikuwa akitembea kwa kushika ukuta, na akisikia mgeni anakuja alikimbilia kukaa kwenye kile kiti. Alijua ujanja wote wa wauzaji. Alisimama mbele yangu anang'aa, nami nikanunua.

Somo ninaloliona ni dogo na limechelewa: tunaulizana hali kila siku, na swali letu lina jibu ndani yake tayari. Kila aliyeingia pale matangani aliuliza uko muzima, na kila mmoja wetu aliitikia muzima, na marehemu amelazwa chumba cha pili. Mshonaji, aliyekuja naye kuomboleza, alipoinuka kwenda kutafuta gari la Lumbadzi ili arudi mjini, niliinuka naye.

"Mama, tembea mbele yangu mpaka pale barabarani."

"Eh! Mi njo farasi sasa?"

"Tembea tu, mama."

Akacheka, akajifunga kitenge vizuri, akaenda. Udongo ulikuwa mgumu. Mguu wake wa kulia, ule wa kukanyagia mashine, ulikuwa unachelewa. Aligeuka akaniuliza nimeona nini. Nikamwonyesha mguu, na mimi, niliyesoma miaka yote ile, sikujua sasa nimpeleke kwa daktari gani.