Agizo Linaloweza Kupuuzwa
Kila afikapo kwenye mstari ule wa programu, fundi huondoa mikono kwenye kibodi na kuilaza mapajani, kama mwanafunzi mbele ya maalimu wake. Bi Thuraya, muuguzi wa Kiunga, amemwona akifanya hivyo mara nne tangu adhuhuri, na boti inamngoja gatini. Amefuata king'ora cha friji ya chanjo, cha kulia joto likizidi. Kwenye mashine ya fundi kimelia kila alipokifumbata kipimajoto kiganjani. "Si kimelia, Bwana?" "Kimelia." Kidole chake kinafuata kitabu cha kanuni za lugha ya programu, herufi kwa herufi. "Mstari huu ni agizo kwa kompaila, ile inayoigeuzia mashine maandishi yangu: kipimajoto kisomwe kila mara. Lakini kitabu chasema kompaila isiyolijua agizo na iliruke. Hakiilazimishi hata kutwambia. Na mashine yenu hii uliyoileta ina kompaila yake." "Nahodha ataniata!" "Nipa dakika moya."

Anaipitisha programu kwenye kompaila ya Kiunga. Hakuna kosa, hakuna onyo. Skrini inaandika kwamba kazi imekamilika. Bi Thuraya anapumua, anatwaa mkoba wake. Fundi haitazami skrini. Anakifumbata kipimajoto cha Kiunga, anafumba macho, anahesabu kwa midomo bila sauti. Gatini honi inapigwa. Kumi. Thalathini. Honi tena. Sitini. Kiganja kimelowa jasho, na king'ora kiko kimya.