Kitabu ya Mustari ya Juu

Kabati ya bitabu ku masomo yetu, hapa Butembo, ilikuwa na mistari mbili. Ya juu ilikuwa ya bijana: bitabu ya moteri, ya nyota, ya safari za mbali, ya mwili ya mutu. Ya chini ilikuwa ya babinti: kupika, kushona, kuosha mutoto, maisha ya batakatifu. Hakuna mutu aliandikaka vile fasi yoyote. Hakuna mwalimu alisemaka «hapana kugusa». Tulikuwa najua tu, kama vile mutu anajua fasi yake ku meza.

Mimi sijuwake kungojea. Mustari ya chini nilikuwa karibu kuimaliza mu trimestre moja. Ile ya kuosha mutoto nilisoma mara mbili, na sina mutoto. Ilibakia tu ile ya kushona. Kisha, siku moja, nikapandisha mukono juu, ku ile ya mwili ya mutu. Bijana nyuma yangu bakaanza:

— Dada, kule hakuna sombe ya kupika.

— Mumuache, anatafuta bwana mule ndani.

Nikashusha mukono. Ile ya kuchekwa nilisahau mbio. Ile ya kushusha mukono, hapana, bado inaniuma.

Mu kalasi yetu kulikuwa kijana moja, mutoto ya Baislamu ya Beni. Baba yake alikuwa na kamio, alikuwa nabeba maharage na chumvi. Yeye alikuwa nakaa hapa Butembo kwa baba yake mudogo, mushonaji, mwenye mashine yake ilikuwa ku barza ya duka. Ku zile barza zote bashonaji ni banaume. Sijaonaka mwanamuke hata moja pale ku mashine. Mais mu kabati yetu kitabu ya kushona ilikuwa ya babinti, donc yeye hakuweza kuikamata. Alikuwa naiangalia kama mutu ya njaa anaangalia bugali ya jirani.

Siku moja, ku kisima, akaniambia polepole:

— Wewe kamata ya kushona, mimi nitakamata ya mwili. Kisha tubadirishe.

— Na kaye?

Juu kila mwanafunzi alikuwa na kaye ya lecture, daftari ya bitabu yenye alisoma. Kila kitabu unakamata, unaandika jina yake na mistari mbili ya yenye ulijifunza, mwalimu anatia sinyatire.

— Kaye si karatasi tu. Utaniambia ya kuandika, na mimi nitakuambia.

Tukabadirisha. Mu kaye yangu: kushona. Mu kaye yake: mwili ya mutu.

Haikupita wiki moja, habari ya barebelle ikatufikia. Batu balisema bale banatafuta kwanza benye kusoma, bawalimu na bakarani. Masomo ikafungwa asubui moja, hata kengele haikulia. Kijana akarudia Beni na kitabu ya kushona. Baba akatupeleka Kipese, kwa familia ya mama, na mimi nikaficha ile ya mwili chini ya birazi mu kitunga. Mama akaiona pale tulifika.

— Unatuletea kifo mu birazi?

Mama hajuwake kusoma. Akageuza karatasi moja, akakuta picha ya mutu mwenye alifunguliwa kifua, akakaa chini.

— Soma basi. Kama itatuua, tujue ni juu ya nini.

Njo vile nilianza kubasomea, yeye na bamama badogo bawili, mangaribi, pale tulikuwa natoboa maharage mu maganda. Nilikuwa natafsiri kutoka mu kifaransa, fasi ingine nilikwama, balikuwa nangojea. Siku ya moyo, nilisoma kama moyo iko na byumba ine. Damu inaingia kwa mulango moja, inatokea kwa ingine, hairudiake nyuma, juu milango yake inafungukaka upande moja tu. Mikono ya mama ikasimama.

— Nani alihesabia ile byumba?

— Balifungua batu benye kufa, mama.

— Nyamuhanga, akasema, akaita Mungu Muumbaji kwa sauti ya chini kabisa.

Siku ya kisha, banaume bakachinja mbuzi moja ya baba juu ya kupokea mugeni. Kwetu, moyo ya mbuzi ni ya baba ya nyumba. Mama akaikamata yeye wa kwanza, akaiweka ku ubao, akanipa kisu.

— Onyesha.

Nikakata polepole. Byumba ilikuwa ine. Ine kweli, na ukuta moja munene katikati. Milango ilikuwa miembamba sana, kama ngozi ya kitunguu, imefungwa na kamba nyeupe nyeupe. Niliingiza kidole upande moja, kikapita. Nikajaribu upande ingine, mulango ukakataa. Nilikuwa nasikia mwili yangu yote inapata baridi, juu kile kitabu hakikudanganya, na juu ile kazi ilikuwa nafanyika mu bifua yetu miaka yote hii, na hatukuiombaka. Mama mudogo moja akainama juu ya ubao:

— Bwana yangu ako na byumba ine, na mimi ananipa moja tu.

Mama akaweka mukono yake ya damu ku kifua yangu, akasikiliza. Baba, pale alipata moyo yake bipande bipande, akauliza:

— Nani alikata hii?

— Kisu, mama akajibu.

Pale askari ya serikali balirudisha utulivu, masomo ikafunguliwa na directeur mupya, na yule kijana akatoka Beni, akarudia kwa baba yake mudogo. Akakusanya kaye zote ya lecture juu ya kutupanga mu section, kila mutu na njia yake ya masomo. Kisha akasoma liste mbele yetu. Bijana: section scientifique, ya sayansi. Babinti bote: section ménagère, kupika na kushona.

— Hakuna mwenye tulilazimisha, akasema. Muangalie kaye zenu. Ni ninyi benyewe mulichagua.

Akainua yangu. Akanisifu kama mushonaji muzuri kupita bote.

Niliangalia maandiko yangu mu mukono yake. Alikuwa na haki, njo kitu ilinitisha. Sisi babinti bote, hakuna mwenye alitukatalia. Tulijiandika sisi benyewe, kitabu kwa kitabu.

Nikisema kweli, batamucheka yule kijana. Nikinyamaza, nimekwisha. Nikasimama.

— Monsieur le directeur, ile ya kushona si mimi niliisoma.

— Ni nani?

Nyuma, kiti ikalia.

— Ni mimi, kijana akasema.

— Mama mushonaji! mwenzake moja akaita, kalasi yote ikacheka. Yeye akangojea bamalize.

— Monsieur le directeur, ile suruali munavaa, yenye mulichukua kwa baba yangu mudogo wiki ilipita. Mimi njo nilikata.

Directeur akaangalia miguu yake. Kicheko ikakatika.

— Na wewe binti, ulisoma nini?

— Mwili ya mutu.

— Kuja uchore moyo.

Nikachora ku ubao, byumba ine, milango, damu na njia yake. Kijana ingine, ya mbele, akasema:

— Ule mulango ameugeuza.

— Hapana. Niliingiza kidole yangu mule.

— Mu moyo ya nani? directeur akauliza.

— Ya mbuzi ya baba.

Hata yeye akacheka. Kisha akakunja uso.

— Section scientifique imejaa. Hakuna fasi.

— Akamate yangu, kijana akasema.

— Mu ménagère hatupokee bijana.

— Sikuomba ménagère. Naenda ku barza, ku mashine.

— Na baba yako?

— Baba ako Beni.

Akakusanya kaye zake. Directeur akakamata kalamu. Kisha akafuta jina ya kijana ku liste, akaandika yangu pale pale.

Kijana akapita karibu na mimi, akatoka. Nikaenda kukaa ku banc yake. Ubao ya kukalia ilikuwa ingali na moto ya mwili yake. Bijana bawili ya pembeni bakasogea mbali, kila moja upande yake, na mimi nikabakia katikati na fasi kubwa kupita yenye nilikuwa natafuta.