Dereva Asiye na Bastola

Wiki hii, ndani ya basi la kwenda mtaa wa Hodge Hill, hapa Birmingham, nilikaa nyuma ya madereva wawili wa malori, Wasomali waliolelewa Kenya. Mdogo alimuuliza mkubwa kama haogopi kulala kwenye lori bila silaha, maana huko Kenya mkubwa alikuwa na bastola yenye kibali, na hapa Uingereza bastola ni marufuku.

"Njia ya Mandera ilikuwa na majambazi," mkubwa akajibu. "Bastola ilinilinda, siwezi kuikana."

Kisha akasimulia. Juzi alikuwa mtaa wa Acocks Green akisubiri duka lifunguliwe ashushe mzigo, usingizi ukamchukua. Mara mlango wa lori ukagongwa kwa nguvu. Kabla hajafumbua macho vizuri, mkono ulishafika kiunoni. Akamwonyesha mwenzake jinsi vidole vilivyopapasa mshipi, visipate kitu.

"Nikateremsha kioo. Kumbe ni mama mmoja Mhindi, ameshika kikombe cha chai. Alinisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu kabla sijalala. Akaniambia, 'Kijana, mimi ni wa Kisumu. Kunywa.'"

Mdogo akacheka. Mkubwa hakucheka.

"Wallahi, ningekuwa nayo ningemwelekezea. Labda ningefyatua. Nilipokea chai mikono ikitetemeka, naye akadhani ni baridi. Akaenda kuniletea blanketi."

Akatazama dirishani. "Alhamdulillahi," akasema polepole.

Sisi Waswahili wa Birmingham tukikutana hulalamikia yote ambayo nchi hii imetunyima, kuanzia jua hadi nyama choma ya maana. Kwa kumnyima yule dereva bastola, mimi naishukuru.